Uzuri wa Mkakasi: Pima Mng'ao wa Gari Kabla ya Kumlipa Fundi

Jumamosi moja saa kumi jioni nilikwenda kuchukua gari langu kwenye gereji moja hapa Dar es Salaam. Ni gari jeusi, na mwenye gari jeusi anaijua shida yake: kila dasta iliyopita juu ya vumbi imeacha saini. Fundi alikuwa ameshinda nalo tangu asubuhi. Akavuta turubai, akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Bosi, hapo unaweza kunyolea ndevu." Niliinama juu ya boneti nikajiona mpaka kope. Nikalipa, na ya soda nikaongeza.

Wiki mbili baadaye, mvua imenyesha mara mbili na gari limeoshwa mara tatu, nililiegesha usiku chini ya taa ya barabarani. Ndani ya boneti niliiona ile taa, na kuizunguka palikuwa na duara la mikwaruzo myembamba kama utando wa buibui. Ni ile ile niliyoipeleka kwa fundi. Juu yake palikuwa na mgeni: michirizi mipana iliyopinda, ikicheza kila nilipotikisa kichwa, ikifuata njia ambayo mashine ilipita.

Sikumlaumu sana yule fundi. Alinionyesha kitu, nikakipenda, nikakilipia. Kosa lilikuwa langu: nilipima kwa macho matupu, kivulini, polishi ikiwa bado mbichi juu ya bati. Wahenga walishasema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tangu siku hiyo nimejifunza kupima, na ushauri wangu wote unaingia katika sentensi moja: mng'ao upimwe rangi ikiwa imefutwa mafuta, na ulinganishwe na kipande cha rangi ya gari hilo hilo ambacho hakikuguswa. Yanayofuata ni namna ya kufanya hivyo, uwe na chombo au usiwe nacho.

Kinachong'aa ni nini

Rangi ya gari la kisasa ni matabaka. Chini kuna bati lenye kinga ya kutu, juu yake praima, kisha rangi yenyewe, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wanaliita kliya. Unachokiona kikimeta ni kliya. Katika gari lililotoka kiwandani, unene wake huwa maikroni 35 hadi 50 hivi. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina maikroni 100 hivi. Maana yake, kila unapopiga polishi unasugua kitu chenye unene wa nusu karatasi, na ukishakimaliza hakioti tena.

Mwanga ukigonga uso ulionyooka, ule unaorudi hurudi wote kwa mwelekeo mmoja, kama mpira unaodunda kwenye sakafu ya saruji. Ukigonga uso wenye mikwaruzo, hutawanyika, kama mpira uliodundishwa kwenye kokoto. Mwanga huo uliotawanyika ndio unaofanya gari jeusi lionekane la kijivu. Mara nyingi weusi wenyewe haujaenda popote, umefunikwa tu na vumbi la mwanga.

Polishi hutibu hali hiyo kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kukata. Chembe ngumu, mara nyingi za oksidi ya alumini, husaga uso unaouzunguka mkwaruzo mpaka ulingane na kina chake. Mkwaruzo umekwisha, na kiasi fulani cha kliya kimekwenda nao. Njia ya pili ni kujaza. Mafuta, nta au silikoni hukaa ndani ya mkwaruzo, mwanga ukapita juu kama vile hapana shimo. Hapo kliya haikupungua, lakini mkwaruzo nao haujaondoka. Sabuni na jua vikishakula kile kilichojaza, unarudi ulikotoka.

Kujaza si dhambi. Gari lenye kliya nyembamba, au gari unalotaka lipendeze harusini kesho, linaweza kufaa kujazwa. Dhambi ni kujaziwa ukatozwa bei ya kukatiwa. Na kwa macho, siku ya kwanza, hutaweza kutofautisha.

Chombo na namba zake

Kipima mng'ao ni kiboksi cha kushika mkononi chenye dirisha dogo kwa chini. Ndani yake taa hutupa mwanga kwa pembe inayojulikana, na upande wa pili kihisio huhesabu kiasi kilichorudi kwa pembe hiyo hiyo. Majibu huja kwa uniti za mng'ao, ambazo kwenye kioo huandikwa GU. Viwango vinavyofuatwa na wengi, ISO 2813 na ASTM D523, vinatumia pembe tatu: nyuzi 20, 60 na 85. Nyuzi 60 ni za kuanzia. Uso ukizidi uniti 70 kwenye nyuzi 60, unahamia nyuzi 20, kwa sababu hapo ndipo nyuso zinazong'aa zinapotengana. Ukishuka chini ya 10, unakwenda nyuzi 85. Gari lenye kliya nzima kwa kawaida huvuka 70, hivyo pembe yetu ni nyuzi 20. Vipimo vya bei nafuu aghalabu vina nyuzi 60 peke yake. Vinasaidia, ila gari zuri na gari zuri zaidi vitayasoma kama mapacha.

Usidhani 100 ni asilimia mia. Namba hiyo ilipewa kioo cheusi kilichosuguliwa, chenye kipeo cha kupinda mwanga cha 1.567. Kwa nyuzi 20, hata kioo hicho hurudisha chini ya asilimia 5 ya mwanga uliokigonga. Uliobaki hupita ndani na kumezwa na weusi. Hapa pana mambo mawili ya kukuokoa na matangazo.

La kwanza, kliya hupinda mwanga kidogo kuliko kioo hicho. Kwa hiyo kliya nzuri iliyo juu ya rangi nyeusi huishia themanini na kitu kwa nyuzi 20, au tisini ikipanda sana. Mtu akikuambia dawa yake imefikisha gari jeusi 120, muulize alipima kwa pembe gani na alikuwa amepaka nini. La pili, rangi ya metaliki ina vipande vidogo vya alumini chini ya kliya, navyo hurudisha mwanga wa ziada. Gari la rangi ya fedha lenye mikwaruzo linaweza kusoma juu kuliko gari jeusi lililonyooka. Basi usishindanishe gari lako na la jirani. Lishindanishe na lenyewe, kabla na baada, mahali pale pale.

Kuna vitu chombo hiki hakivioni. Hakioni vizuri ukungu, yaani mwanga unaotawanyika kidogo tu pembeni ya taswira na kuifanya iwe kama imepuliziwa pumzi. Ukungu una vipimo vyake vingine. Hakioni pia ganda la chungwa, yale mawimbi madogo ya rangi iliyopulizwa bila kutulia, kwa sababu kwa mara moja chombo hutazama eneo dogo kama ukucha wa kidole gumba. Boneti nzima inaweza kuwa na mawimbi kama bahari ya kusi na bado namba ikawa nzuri. Namba inakusaidia kukumbuka. Jicho bado lina kazi yake.

Kupima bila kujidanganya

Osha gari, likaushe, kisha futa sehemu utakayopima kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tano hivi. Maduka ya kemikali huiuza. Usichukue spiriti ya kusafishia vidonda ukadhani ni ile ile, maana baadhi zimetiwa mafuta ya nyonyo, na mafuta ndiyo unayoyafukuza. Thina usiiguse, hasa kama gari limewahi kupigwa rangi gereji. Na rangi iliyopulizwa juzi isifutwe hata kwa alkoholi. Iache ikomae kwanza.

Sawazisha chombo kwa kigae chake kabla ya kuanza. Kigae hicho kiwe safi kabisa, kwani alama moja ya kidole itapotosha kila namba utakayoandika siku hiyo. Kwa sisi wa Pwani kuna mtego mwingine: ukikitoa kipima kwenye gari lenye kiyoyozi na kukiweka moja kwa moja kwenye joto la saa sita, lenzi inapata jasho kama chupa ya soda. Kiache kwanza kizoee hewa.

Chagua sehemu tambarare. Katikati ya boneti au paa panafaa. Ubavu wa mlango uliopinda haufai, kwa sababu mwanga huvuja chini ya chombo. Weka alama kwa vipande vya tepu ya karatasi ili urudi pale pale. Pima mara tano kuelekea mbele ya gari, kisha geuza chombo robo duara upime tano nyingine. Mikwaruzo mingi ina upande: aliyefuta kwa dasta alifuta mbele na nyuma. Namba za pande mbili zikipishana sana, umegundua mikwaruzo yenye mwelekeo mmoja hata kabla ya kuwasha tochi. Andika wastani, na uandike pia ya chini kabisa na ya juu kabisa.

Kabla ya kulinganisha chochote, pima sehemu moja mara kumi, ukikiinua chombo na kukirudisha kila mara. Tuseme namba zinacheza kati ya 81 na 83. Basi tofauti ya uniti mbili ni mtikisiko wa mkono wako na chombo chako. Polishi ikikuongezea uniti moja na nusu, bado hujapata ushahidi wa kitu.

Usipokuwa na chombo

Wengi wetu hatutanunua kipima mng'ao kwa ajili ya gari moja. Hakuna neno. Chukua rula ya shule, isimamishe wima juu ya boneti, utazame taswira yake ndani ya rangi. Hesabu ni sentimita ngapi unazisoma kabla namba hazijazama kwenye ukungu. Rudia baada ya kazi, kwa rula ile ile, ukisimama pale pale. Ukurasa wa gazeti pia unafaa: ushike mbele ya mlango uone kama unasoma kichwa cha habari tu au na maandishi madogo.

Kwa mikwaruzo, tumia tochi ya simu. Taa ndefu ya tyubu husamehe mengi, na ndiyo sababu gari hupendeza ndani ya gereji. Nukta moja ya mwanga mkali haisamehi. Ishike umbali wa mkono mmoja, itembeze polepole, utazame pembezoni mwa nukta badala ya nukta yenyewe. Ukiona utando wa buibui, ni mikwaruzo ya kuosha na kufuta. Ukiona michirizi mipana inayohama kila unapohama, ni alama za mashine. Jua la saa nne asubuhi hufanya kazi hiyo hiyo bila gharama.

Boneti moja, mbinu nne

Nilipotaka kujua ipi ni polishi na ipi ni hadithi, niliigawa boneti yangu kwa tepu ya karatasi. Sehemu nne zilikuwa za kazi, na katikati niliacha ukanda wa upana wa viganja viwili ambao haukuguswa. Huo niliuita shahidi. Nakushauri ufanye hivyo hivyo, kwa sababu jicho la binadamu husahau haraka. Baada ya saa mbili za kusugua, kila kitu kinaonekana kimependeza. Ukimwona shahidi pembeni, unarudi duniani.

Nilianza kwa kuosha na kupitisha udongo wa kusafishia rangi, ule unaonyonya chembe zilizonasa ambazo sabuni haiziondoi. Bila hatua hiyo, chembe hizo huingia kwenye pedi na kukwaruza upya kile unachosawazisha.

Sehemu ya kwanza niliipiga kwa mkono, kwa polishi ya kopo na kitambaa laini. Nilipomaliza ilikuwa malkia. Nyeusi, yenye kina, na rula ilisomeka vizuri. Kisha nikaifuta kwa alkoholi mara mbili. Ilinisikitisha kama kumwona bibi harusi ameosha uso: ilirudi karibu kabisa na shahidi. Mkono una kazi yake, nayo ni kupaka nta, kuingia kwenye vipenyo vya vitasa na kurekebisha doa dogo. Kunyoosha boneti nzima kwa mkono ni jasho la bure, kwani mkandamizo wa vidole haulingani na kasi haitoshi kuzifanyisha kazi zile chembe.

Sehemu ya pili niliipa rotari, mashine inayozungusha pedi kwenye mhimili mmoja, kwa pedi ya manyoya na kompaundi kali. Hii inakata hasa. Mikwaruzo iliisha kwa muda mfupi kuliko ninavyoandika aya hii, na namba ilipanda ikabaki juu hata baada ya kufutwa. Lakini chombo kilisoma tofauti nilipokigeuza, na tochi ikaeleza kwa nini: ile michirizi iliyopinda, mgeni wangu wa chini ya taa ya barabarani. Rotari pia huchemsha rangi. Weka kiganja, kikishindwa kukaa, simama. Pembe za boneti na mistari ya bodi ndizo huungua kwanza, kwa sababu hapo kliya ni nyembamba na pedi hukandamiza sehemu ndogo. Zifunike kwa tepu. Mwanafunzi asiizidishie mizunguko 1,000 hivi kwa dakika, wala asitulie mahali pamoja.

Sehemu ya tatu niliipiga kwa DA, mashine ambayo pedi yake huzunguka na papo hapo huyumba. Kwa kuwa njia yake haijirudii, haiachi michirizi kirahisi, na ukiikandamiza kupita kiasi inaacha kuzunguka badala ya kuunguza. Nilitumia sponji ya ugumu wa kati na polishi ya kati. Ilichukua muda zaidi na mikwaruzo miwili mizito ilibaki. Ila namba zilikuwa sawa pande zote mbili, na kuifuta hakukuzishusha. Ukinunua DA, soma upana wa myumbo wake: milimita 8 ni mpole, 15 ni wa kazi ya kila siku, 21 hufunika eneo kubwa lakini husumbua kwenye paneli nyembamba na zilizopinda.

Sehemu ya nne niliianza kwa rotari na kuimalizia kwa DA yenye sponji laini. Ndiyo iliyoshinda kwa tochi na kwa rula. Ndiyo pia iliyokula kliya nyingi kuliko zote na muda mrefu kuliko zote. Nilipozipima tena baada ya kuosha gari mara nne, hii na ya DA zilikuwa bado karibu karibu. Kwa gari linalotembea barabara ya vumbi kila siku, nilijiuliza kama tofauti ile ililipa gharama yake. Jibu langu lilikuwa hapana. Lako linaweza kuwa jingine.

Ukilinganisha mwenyewe, badilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadili mashine, pedi na polishi kwa pamoja, hutajua nani alifanya kazi. Usiamini rangi ya sponji, kwa kuwa kila kiwanda kina mpango wake. Ya machungwa ya huyu inaweza kuwa kali na ya yule laini. Safisha pedi kila baada ya sehemu moja, kwani pedi iliyojaa unga wa kliya hukwaruza. Na usiikatishe kazi njiani: baadhi ya polishi zina chembe zinazovunjika kadiri unavyosugua, zinaanza kali na kumaliza laini, hivyo ukiacha mapema unabaki na kazi ya zile kali.

Kipimo cha pili: kumebaki kiasi gani

Kama utakodi au kuazima chombo kimoja tu, kiwe cha unene wa rangi. Mng'ao ukikosea leo utarekebisha kesho. Kliya ikiisha, dawa ni kupiga rangi upya.

Chombo hiki hupima umbali kati ya uso wa rangi na bati. Rangi ya kiwandani, matabaka yote kwa pamoja, mara nyingi husoma maikroni 100 hadi 140 hivi. Ukikuta paneli moja inasoma 200 au 300 wakati jirani zake zipo 120, imepigwa rangi upya. Ikivuka 500 au 1,000, chini kuna puti. Kwenye bampa la plastiki chombo cha kawaida hakisomi, maana hakuna bati chini yake, na plastiki ina joto lisilotoka haraka. Hapo nenda polepole mara mbili.

Kumbuka chombo hukupa jumla ya matabaka, hakikutengei kliya peke yake. Paneli iliyopigwa rangi upya yenye 250 inaweza kuwa na kliya nyembamba juu ya praima nene. Hivyo namba kubwa isikupe ujasiri wa kukata. Kanuni inayotumiwa sana katika kazi hii ni kutoondoa zaidi ya maikroni 8 hivi katika maisha yote ya rangi, kwa sababu kinga ya jua iliyomo ndani ya kliya hupungua pamoja nayo. Kwa jua letu hilo si jambo la vitabuni. Yale madoa meupe yanayobanduka kama ngozi ya nyoka kwenye mapaa ya magari ndiyo mwisho wa kliya iliyoshindwa na jua, na polishi hairudishi kilichobanduka.

Hapa ndipo historia ya gari inapoingia. Magari mengi yanayoshuka bandari za Dar es Salaam na Mombasa ni mitumba ya Japani, na mengi hupitia minada ya huko. Omba karatasi ya mnada. Mchoro wa gari uliomo una herufi na namba: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyorekebishwa, XX ni paneli iliyobadilishwa, na kadiri namba inayofuata inavyokua ndivyo dosari ilivyo kubwa. Ukiona A2 kwenye mlango wa kushoto na leo mlango huo hauna hata mstari, kuna mtu amepita hapo na mashine au na bunduki ya rangi. Pima unene kabla hujampa fundi wa pili nafasi ya kukata tena.

Uamuzi

Anza na mbinu ya upole kuliko zote, kwenye kipande cha nusu mita kwa nusu mita. Futa, pima, tazama kwa tochi. Ikitosha, endelea nayo gari zima. Isipotosha, panda ngazi moja: polishi kali kidogo, kisha pedi ngumu kidogo, na mashine ya nguvu iwe ya mwisho. Mkwaruzo unaonasa ukucha uuache. Kuufikia chini yake ni kula kliya yote iliyouzunguka, kwa kitu ambacho wewe peke yako ndiye unayekiona.

Gari la kuuza linahitaji hatua moja kwa DA, basi. Gari jeusi unalolipenda na lenye rangi ya kiwandani linaweza kustahili hatua mbili, mara moja, kisha litunzwe. Gari la zamani lisilo na kliya utalitambua kwa pedi, kwani itatoka na rangi ya gari. Hilo lishikwe kwa huruma. Dawa za mtaani ziache. Mafuta ya taa huacha utando unaometa siku moja na kushika vumbi siku ya pili, na mafuta ya breki hayang'arishi rangi, huibabua.

Mng'ao hutunzwa kwenye ndoo kuliko kwenye mashine. Mwagia gari maji mengi kwanza ili mchanga uondoke, tumia ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, kausha kwa kitambaa cha maikrofaiba, na usipitishe dasta kavu juu ya vumbi hata kama una haraka ya kwenda kwenye kikao. Kinyesi cha ndege na utomvu wa mwembe viondolewe siku hiyo hiyo kwa maji, bila kukwangua.

Na ukimpelekea fundi, mweleze mapema, kabla bei haijatajwa: aache ukanda mmoja usioguswa mpaka utakapofika, akuambie anatumia mashine gani na pedi gani, na ukaguzi ufanyike nje, juani, baada ya kufuta kwa alkoholi. Nimewahi kuyasema hayo kwenye gereji mbili. Fundi wa kwanza alicheka, akasema mimi nina maneno mengi. Wa pili hakunijibu. Aliingia ndani, akarudi na chupa ya kupulizia na kitambaa safi, akanikabidhi.

"Futa mwenyewe, bosi," akasema, akasogea pembeni.

Huyo ndiye ninayempelekea gari langu.